Damu ya Kubandika

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Hadassa kuliko yote.

Aliipiga kijijini Vuhovi, msimu wa kuvuna maharage, alipoitwa na kikundi cha wanawake wa parokia waliotaka picha za kuweka kwenye kalenda yao. Wanawake hao walikuwa shambani tangu asubuhi. Jua lilipopanda, Mama Emérence, mjane wa miaka sitini na kitu, alijitupa kwenye majani, kichwa juu ya gunia, mkono mmoja tumboni, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, kama mtu anayejizuia kucheka. Mwanga ulimwangukia shingoni na kushuka mpaka kwenye kitenge chake cha jubilei ya parokia. Hadassa akainama, akapiga, akamwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera.

Mama Emérence alicheka sana. "Bote banaonaka sisi tukitumika kazi tu. Hii inaonyesha mutu anapumzika. Hii njo uweke, hata ku internet, batu baone."

Hadassa aliiweka. Alikuwa na studio yake mjini Butembo, chumba kimoja chenye mapazia ya rangi tatu, na ukurasa ambako watu wa harusi na komunio ya kwanza walizoea kuja kuangalia kazi zake. Hakuwa mzembe. Kila picha aliipunguza ukubwa ili mtu asiweze kuichapisha vizuri, na kwenye kona ya chini aliandika kwa herufi nyeupe: Studio Hadassa, Butembo. Aliamini hiyo inatosha. Picha ina jina, na kitu chenye jina kina mwenyewe.

Wiki chache baadaye, asubuhi, jirani yake Agar, anayeuza vitenge mlango wa pili, aliingia studio akiwa ameshika telefone mkono mmoja na mdomo wake mkono wa pili.

"Angalia vile bameua tena batu kule Beni," alisema. "Huyu mama, masikini. Angalia vile bamemufanya."

Hadassa alikuwa anakunywa chai. Aliangalia.

Alikuwa Mama Emérence, kwenye majani yaleyale, juu ya gunia lilelile. Lakini jua lilikuwa limeondolewa. Picha nzima ilikuwa imetiwa rangi ya kijivu yenye unyevu, kama kitu kilichotolewa kwenye maji machafu. Shingo ilikuwa imekatwa. Damu ilitoka pale, nzito, ikafuata mkunjo wa ngozi, ikajaa kwenye kitenge cha jubilei mpaka sura ya Bikira Maria iliyochapwa juu yake haikuonekana. Na kwenye ile midomo iliyokuwa inajizuia kucheka, mtu alikuwa ameweka inzi. Si mmoja. Alikuwa amewapanga, wawili kwenye mdomo wa chini, mmoja kwenye pembe ya jicho, mwingine akiingia puani, na kila mmoja alipewa kivuli chake kidogo.

Kwenye kona ambako Hadassa alikuwa ameandika jina lake, kulikuwa na majani tu. Majani mazuri, yaliyooteshwa pale kwa uangalifu. Na katikati ya picha, juu ya tumbo la mama, herufi kubwa zilipita toka upande hadi upande: JOSAPHAT COMMUNICATION. USINAKILI.

Chini yake paliandikwa kwamba mama huyu amechinjwa karibu na Beni, ameacha yatima, na mwenye moyo atume msaada kwa nambari ifuatayo, kwa Association Mkono wa Faraja.

Hadassa alirudisha telefone kwa Agar, akatoka nyuma ya studio, akatapika chai yote kwenye mfereji. Alipomaliza alibaki ameinama, mikono magotini, kwa sababu kila alipofumba macho aliwaona wale inzi.

Hakuwa na shaka kwamba picha ni yake. Alichokuwa hajui ni kama mama mwenyewe bado yuko hai. Alipiga simu, ikasema haipatikani. Akapiga tena. Akafunga studio, akachukua pikipiki ya abiria kwenda Vuhovi, na njia nzima aliendelea kuipiga ile nambari.

Uwanja wa Mama Emérence ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuwa wamevua viatu. Wengine walikuwa bado wanalia kwa sababu walianza kulia njiani na hawakujua jinsi ya kuacha. Katikati yao, kwenye kiti cha mbao, amekaa marehemu mwenyewe, jembe bado liko miguuni, udongo bado uko kwenye vidole. Watu walimgusa mkono, wakamgusa shavu, wakarudi nyuma. Mzee mmoja wa kike alikataa kabisa kushika kikombe alichopewa na Mama Emérence.

"Mutoto yangu Hadassa," Mama Emérence alisema alipomwona. "Ona. Banakuja kunililia, na mimi njo niko nabapikia chai. Banasema nilikufa. Na hapana mutu anataka kunionyesha vile nilikufa."

Hadassa alipiga magoti mbele yake. "Mama, usiangalie."

"Ni sura ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Donc nionyeshe."

Hadassa alimpa telefone. Mama Emérence aliishika mbali kidogo na macho, kama anavyoshika kitabu cha nyimbo, akaangalia kwa muda mrefu. Hakulia. Alichukua ncha ya kitenge chake akapangusa midomo, akapangusa tena, kwa nguvu, mpaka ngozi ikabadilika rangi.

"Hata inzi," alisema polepole. "Alikaa chini, akatafuta mpaka na inzi."

Jua lilikuwa linaanza kuinama Lusenge alipofika. Lusenge ni mtoto wa kwanza wa Mama Emérence, déclarant pale Kasindi, kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu kwenye duane, forodha ya mpakani. Picha ilimkuta kazini, katikati ya malori, kwenye kikundi cha WhatsApp cha wenzake. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba juma hilo atakwenda kumtembelea mdogo wake karibu na Beni. Hakujua kwamba safari iliahirishwa kwa sababu ya maharage. Alipiga simu, haipatikani. Mama alikuwa ameacha telefone nyumbani bila moto, betri imekwisha. Basi akaacha makaratasi ya watu juu ya meza, akaingia kwenye gari la kwanza lililokuwa linaondoka, akaenda Beni kutafuta maiti ya mama yake.

Simu ya jirani wa Vuhovi, kumwambia kwamba mama ni mzima, ilimkuta kwenye chumba cha maiti. Mlinzi alikuwa amemaliza kumfunulia mashuka.

Alipoingia uwanjani hakumkumbatia mama yake. Alimwangalia tu, kama mtu anayehesabu vipande. Kisha akaenda kwenye beseni la maji, akaomba sabuni, akanawa mikono. Akamwaga maji, akanawa tena. Alinuka dawa ile ya kuhifadhi wafu, na chini ya dawa kulikuwa na harufu nyingine ambayo watu waliokuwa karibu naye waliitambua wakasogea. Alipoanza kunawa kwa mara nyingine, mama yake aliinuka, akaishika ile mikono yenye povu, akaifunga ndani ya mikono yake.

"Inatosha," alisema. "Mimi huyu."

"Maiti zilikuwa munane, mama. Niliziona zote munane," Lusenge alisema. "Nani alifanya hii? Nani?"

Haikuwa kazi kumjua. Jina lake alikuwa ameliandika mwenyewe, juu ya tumbo la mama.

Ukurasa wake ulitaja bureau Beni, na kesho yake walikwenda watatu: Hadassa, Mama Emérence na Lusenge. Hadassa alibeba kompyuta yake na kadi ya kamera yenye picha halisi, kubwa, haijaguswa, na jua lake lote. Lusenge hakubeba kitu, ila njia nzima alikuwa anafungua na kufunga vidole. Walipofika, mama alimwambia, "We utabaki inje." Naye akabaki nje, ameegemea ukuta, kwa sababu mama yake alimwambia kama anavyomwambia mtoto.

Bureau ya Association Mkono wa Faraja ilikuwa chumba safi, kimepakwa rangi ya maji ya bahari, kinanuka marashi. Ukutani kulikuwa na bango la Josaphat mwenyewe akimpa bibi kizee kipande cha sabuni. Wote wawili, yeye na bibi, walikuwa wanaangalia kamera. Josaphat hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa kijana mnene kidogo, shati limenyooshwa, sauti ya upole kama ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Aliinuka alipowaona, akasogeza viti.

"Karibuni, bamama. Poleni na safari. Mulikimbia vita upande gani?"

Hadassa alifungua mdomo, lakini Mama Emérence alitangulia. "Tunatoka Vuhovi."

"Vuhovi?" Josaphat alifikiri kidogo. "Haiko shida. Tutapanga vile ya kusema." Akachukua telefone yake juu ya meza. "Mama, tuanze na picha, njo musaada ipate njia. Utoe hii foulard, iko muzuri sana. Bon. Usiniangalie mimi, angalia chini. Na usicheke, mama. Batu hapana saidia mutu mwenye anacheka."

Mama Emérence alikuwa hacheki. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka magotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe upande mmoja. Hakuangalia chini. Alimwangalia kijana yule machoni, wazi kabisa, na kijana akapiga picha, akaangalia kwenye kioo, akaweka vidole viwili juu ya uso wake akaupanua.

Hadassa alikuwa pembeni na aliona yote. Aliona vidole vikipita juu ya shavu lile, juu ya jicho, juu ya midomo. Uso huo mtu huyu alikuwa ameushughulikia kwa masaa. Alikuwa ameufuta jua, ameukata shingo, amechagua mahali pa kila inzi. Sasa uko mbele yake, unapumua, na mwingine uko mkononi mwake, na hakuutambua. Hakuwa anajifanya. Alikuwa anatafuta tu kama picha imetoka vizuri.

"Ulisha niona," Mama Emérence alisema.

"Tunaonaka batu mingi, mama. Unisamehe."

"Ulinichinja."

Josaphat alicheka kidogo, akamwangalia Hadassa kama anayeuliza kama mama huyu yuko na akili. Hadassa alikuwa ameshafungua kompyuta. Aliigeuza juu ya meza. Upande mmoja palikuwa na shamba, mwanga, mama anayepumzika. Upande wa pili palikuwa na ile nyingine.

Kijana aliinama mezani. Aliangalia kompyuta, akamwangalia mama, akaangalia tena kompyuta. Hadassa alingoja aone aibu. Alitaka kuiona, alikuwa ametoka Butembo kuja kuiona. Lakini kitu kilichokuja usoni mwa Josaphat kilikuwa tabasamu la mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi.

"Ah! Donc ni we mwenye studio," alisema. "Félicitations, dada. Iko picha muzuri, vraiment. Mais mwangaza ulikuwa mingi, ulinipa kazi kuutoa."

"Juu ya nini ulifanya hii?" Hadassa aliuliza.

"Juu ya nini? Huku kwetu batu banachinjwa kweli ama habachinjwe? Banachinjwa. Mi nilionyesha kitu yenye inafanyika. Batu ba mbali hapana toa kitu juu ya mama mwenye analala ku majani. Na picha ikisha ingia ku internet, ni ya bote."

"Ni ya bote?" Hadassa aliweka kidole kwenye zile herufi kubwa. "Na hii? Josaphat Communication. Usinakili. Hii uliandika juu ya nini?"

"Juu batu banaiba," Josaphat alijibu, na hakuwa na mzaha hata kidogo. Uso wake ulionyesha uchungu wa kweli. "Unatumika kazi ya picha siku muzima, unaiweka, kidogo tu association ingine imeichukua, banaweka nambari yao. Batu habana conscience. Na we, dada, nikupe conseil ya bure. We unaandika jina ku kona. Ku kona mutu anakata, ama anapaka kitu juu, imeisha. Andika katikati, juu ya mwili. Pale mutu akitaka kutoa jina, ataharibu mwili. Mi njo nafanyaka vile."

Alisema hivyo kwa wema. Hadassa alijisikia kama mtu aliyelishwa tonge lililotafunwa tayari na kinywa kingine, na akajua kwamba hawezi kulitema, kwa sababu maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Marashi ya chumba kile yalimpanda kichwani.

Mama Emérence alikuwa bado anaangalia kompyuta.

"Na damu," alisema. "Ulichora?"

"Hapana, mama. Damu ya kuchora inaonekana ni ya uongo. Nilikata pa picha ingine. Ya kweli."

"Ya nani?"

"Ya nani, nini?"

"Damu. Hii uliniwekea hapa." Aligusa shingo yake. "Ni ya nani?"

Josaphat alimwangalia mama tena. Haikuwa hofu. Ni kama ameulizwa jina la jiwe. "Sijue, mama. Mutu fulani. Zinapitaka ku WhatsApp, mingi. Mi nachunga tu zenye ziko claires, zenye zinaonekana muzuri." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusaidia watu, akachukua telefone yake. "Ngoja nitafute."

Akaanza kutafuta. Alikuwa na sehemu yake maalumu ya kuzihifadhi, zimejipanga safu kwa safu, na kidole chake kilizipitisha haraka, kama muuzaji anayemfunulia mteja vitenge: hii, hapana, hii, hapana. Hadassa aliona mguu juu ya mkeka. Aliona mkono mdogo sana. Aliona mgongo wenye shati la shule. Akafumba macho, na ndani ya macho yaliyofumbwa akasikia kidole kikiendelea kugusa kioo, tap, tap, tap.

Mama Emérence hakufumba. Aliinama juu ya meza, akaangalia kila mmoja wao.

"Rudisha," alisema. "Ile."

"Ah, oui. Njo hii."

Picha ilikuwa imekatwa juu na chini. Shingo, bega, sehemu ya nguo isiyokuwa na rangi tena, majani. Uso haukuwepo. Huwezi kujua kama ni mwanamke au mwanaume.

"Kichwa iko wapi?"

"Ilikuja vile. Ama nilikata, sikumbuke." Josaphat alimwangalia mama kwa huruma. "Kama inakusumbua, niifute?"

"Usiifute!"

Mama Emérence alikuwa hajawahi kupaza sauti namna hiyo. Mlango ulifunguka, Lusenge akaingia. Hakuuliza kitu. Alimfikia Josaphat kwa hatua kubwa, akamkamata shati shingoni, akamwinua toka kwenye kiti, na ngumi yake ilikuwa imeshapanda.

"Umuache," mama alisema.

"Mama, huyu..."

"Umuache, nakuambia. Utachafuka."

Lusenge aliachia. Alibaki anaangalia kiganja chake, marashi ya kijana yule yamebaki juu yake, akakipangusa kwenye suruali. Josaphat alinyoosha shati, akaanza kusema kwamba yeye ni mtumishi wa Mungu, kwamba kuna mayatima wanakula kwa ajili yake, kwamba kama shida ni mama kuonekana, basi atamfunika macho kwa mstari mweusi na mambo yataisha.

Walipeleka mashtaka polisi siku ileile. Hadassa alitoa picha halisi, toka kwenye kadi, na nyingine zilizopigwa kabla na baada yake, mama akiinuka, mama akipangusa majani mgongoni. Aliyewapokea aliziangalia zote, kisha akaiangalia ile ya Josaphat, akaomba kidogo afungue dirisha. Josaphat aliitwa, akawekwa ndani kwa muda, ukurasa ukafungwa, bango likatolewa ukutani. Alipotoka aliweka video kwenye ukurasa mwingine, akilia machozi, akiomba msamaha kwa mama zote za Kongo. Watu wengi waliandika chini yake kwamba Mungu ambariki kwa unyenyekevu wake. Hadassa aliisoma mistari michache akaweka telefone chini na kwenda kunawa uso.

Picha haikufa. Ilikuwa imeshachukuliwa. Mtu mwingine alikuwa ameweza kulitoa jina la Josaphat tumboni, akaharibu tumbo kweli kama alivyosema, akalifunika kwa damu zaidi. Mara ilikuja na jina la kijiji kingine, mara na jina la nchi nyingine kabisa. Shangazi wa Hadassa aliyeko Kampala alimtumia, na maneno ya kusikitika. Kila ilipokuja Hadassa aliandika jibu lilelile: Huyu mama ni mzima, ninamfahamu, ni mimi niliyempiga picha, futa. Wengine walifuta. Wengine walimuuliza kwa nini anatetea wauaji.

Kazi yake ilibadilika. Kwanza aliondoa kila kitu kwenye ukurasa. Kisha, kwa kuwa wateja walihitaji kuona, alirudisha chache na kuandika jina la studio katikati, kubwa, juu ya mwili. Bibi harusi mmoja alikuja juu, amekasirika: "Dada Hadassa, unaandika jina yako ku maziwa yangu?" Hadassa aliangalia ile picha, herufi zake zikipita juu ya kifua cha yule binti, na akaona mkono wa nani uko ndani yake. Akazifuta zote siku hiyohiyo. Sasa kwenye ukurasa wake huweka keki, maua, viti vilivyopambwa, mikono ya maharusi. Nyuso anawapa wenyewe, zimechapwa kwenye karatasi, mkononi, na zile halisi anazihifadhi kwenye diski mbili, moja studio na nyingine nyumbani kwa mama yake. Wateja wengine wamehamia kwa wapiga picha wengine. Anawaelewa.

Mama Emérence yeye hakuuliza tena habari za picha. Alikuwa na neno moja tu, na alilirudia kila Hadassa alipokwenda kumtembelea: yule mtu wa ile damu. Alikuwa anasema "yule mutu wangu". Alikwenda hata kwa padri kuomba misa. Padri alimuuliza jina la marehemu. Akasema hana. Padri akauliza kama ni mwanaume au mwanamke. Akasema hajui, anajua tu bega.

Misa ilisomwa Jumamosi asubuhi, na watu wa kawaida wa misa ya asubuhi, wachache. Hadassa ni Mprotestanti, hakujua wakati wa kupiga magoti, akafuata wengine. Lusenge alikuwa ametoka Kasindi. Padri alisema wanamwombea ndugu yetu ambaye Mungu anamjua, akaendelea. Ilikuwa fupi. Mama mmoja wa benchi ya mbele aligeuka kumwangalia Mama Emérence shingoni, akageuka haraka.

Walipotoka walikaa kwenye ngazi za kanisa kumngoja mwenye pikipiki. Kisha Lusenge akasema, akiwa ameangalia chini:

"Mama, kule morgue. Mulinzi alifungua shuka ya mwisho. Ilikuwa mama mmoja, mukubwa kama we. Alikuwa peke yake, mulinzi akasema hapana mutu amekuja kumuuliza. Na mimi, mama, nilifurahi." Akafungua na kufunga vidole. "Nilimuona mama ya batu, vile walimufanya, na nilifurahi sana. Nilisema wasingya Mungu, asante Mungu, kwa nguvu, mbele yake. Tangu pale chakula haipite."

Hadassa aligeuza uso upande wa barabara.

Mama Emérence hakumwambia kwamba si kosa lake, wala kwamba yatapita. Alikaa akifikiri.

"Unakumbuka sura yake?" aliuliza.

"Nakumbuka."

"Yote?"

"Yote, mama. Alikuwa na kovu hapa, ku kidevu. Na sikio moja ilikuwa na hereni ya kijani."

"Basi uniambie muzuri," alisema Mama Emérence, akamsogelea mtoto wake kwenye ngazi. "Uanze na kichwa. Usiruke kitu. Tutarudi pale morgue, tutauliza kama walimuzika wapi."

Mwenye pikipiki alifika, akapiga honi. Mama akamwinulia mkono angoje.